Somo la 8: Kuketi Kwanza na Kuhesabu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Luka 14:25–30, Mwanzo 13:5–13, Hesabu 32:16–27, Yoshua 22:1–6, 1 Wakorintho 7:5, Kutoka 18:1–24, Marko 7:9–13, 1 Timotheo 5:8, Danieli 1:3–16, Mathayo 12:9–12.

Fungu la Kukariri: Luka 14:28. (Kila mshiriki alisome na kulikariri kutoka katika Biblia yake.)

Chimala ni mji mdogo katika wilaya ya Mbarali, yapata kilometa 80 mashariki ya jiji la Mbeya. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, na reli ya TAZARA pia. Upande mmoja imelala tambarare ya Usangu na mashamba yake ya mpunga. Upande wa pili milima imesimama kama ukuta, na barabara ipandayo Matamba wenyeji huiita Hamsini na Saba, kwa sababu ya idadi ya kona zake. Dereva mwenye busara hukagua breki akiwa bado chini. Kona ya thelathini si mahali pa kugundua kwamba breki hazishiki.

Fikiria nyumba moja katika mji huo. Mke ni tabibu mwenye stashahada, na amehudumia wagonjwa kwa miaka 6 katika kituo cha afya. Mume analima mpunga. Wana watoto wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 3, na mama wa mume, mwenye umri wa miaka 70, anakaa nao. Mke aliomba nafasi ya kusomea udaktari, na vyuo viwili vimemchagua: kimoja Mbeya, kingine Dar es Salaam. Simu yake imepokea namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja tu, na siku za kufanya hivyo zinahesabika.

Kusoma si dhambi, na kubaki nyumbani si dhambi pia. Hakuna amri iliyoandikwa juu ya Mbeya au Dar es Salaam. Maamuzi mengi mazito ya Mkristo ni ya namna hii: njia mbili halali, na watu wapendwa watakaolipa gharama ya njia yoyote itakayochaguliwa. Juma hili tutajifunza jinsi Maandiko yanavyomwongoza mtu anayesimama mahali hapo.

JUMAPILI
Mnara na Daftari

Soma Luka 14:25–30. Kristo alikuwa akizungumza na watu wa namna gani, na kwa nini aliwapa mfano wa mtu anayejenga mnara?

Makutano makubwa yalikuwa yakimfuata Yesu, na wengi wao hawakujua wanakokwenda. Badala ya kuwasifu kwa wingi wao, aliwaambia waketi. Mjenzi wa mfano huu hakosolewi kwa kutamani mnara. Anachekwa kwa sababu aliweka msingi bila kujua kama ana uwezo wa kufika juu.

Tabibu wetu na mumewe walichukua daftari la shule la mtoto wao na kuchora safu tatu: miaka, fedha na watu.

Safu ya miaka ilijazwa upesi. Shahada ya udaktari Tanzania ni miaka 5, na baada yake mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, ndipo mtu apate usajili kamili. Jumla ni miaka 6. Mtoto wa miaka 7 atakuwa na miaka 13. Mdogo wa miaka 3 atakuwa na miaka 9. Mama mkwe atakuwa na miaka 76.

Safu ya fedha ilichukua muda zaidi. Ada, chumba, chakula, vitabu na nauli viliandikwa kila kimoja kwa mstari wake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu husaidia wengi, lakini si kila mwombaji hupata, wala si kila anayepata hupewa gharama zote, na mkopo ni deni litakalolipwa. Kisha mume akaona jambo ambalo mkewe hakuliona. Mpunga wa Usangu huvunwa katikati ya mwaka. Vyuo hufungua mwishoni mwa mwaka, wakati uleule ambao shamba linadai fedha za kulima na kupandikiza miche. Mikono miwili itaingia katika mfuko mmoja kwa majuma yaleyale, kila mwaka. Ni afadhali kuliona hilo mezani kuliko kuligundua wakati mwanafunzi amekwisha kukatazwa kuingia katika chumba cha mtihani.

Safu ya watu waliiacha wazi usiku ule. Ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Wapo wanaosoma aya ya 26, ambako Kristo anazungumzia kumweka yeye mbele ya baba, mama, mke na watoto, na kuitumia kuhalalisha kila safari ya kuondoka nyumbani. Fungu hilo lisomwe kwa uangalifu. Nafasi ya kwanza Kristo anaidai kwa ajili yake mwenyewe. Hakuidai kwa ajili ya shahada, wala cheo, wala mshahara. Mtu anaweza kuacha watoto wake kwa ajili ya tamaa yake mwenyewe, kisha akaiita tamaa hiyo msalaba.

Tafakari: Ni uamuzi gani ulio mbele yako sasa ambao umeuombea mara nyingi, lakini hujauketia hata mara moja kwa kalamu na karatasi?

JUMATATU
Macho ya Lutu

Soma Mwanzo 13:5–13. Lutu alitumia kipimo gani katika kuchagua? Ni mambo gani hakuyauliza?

Abramu alikuwa mkubwa kwa umri, na haki ya kuchagua ilikuwa yake. Akaiachilia. Lutu akatazama kutoka juu, akaona bonde lenye maji mengi, akalichagua lote. Hakukosea kuhusu maji. Bonde lilikuwa na maji kweli. Kosa lake ni kwamba aliuliza swali moja tu. Hakuuliza majirani ni nani, wala binti zake wataolewa na nani, wala atakapozeeka atazikwa kati ya watu gani. Biblia inamwonyesha akisogeza hema zake kidogo kidogo mpaka Sodoma, na katika sura ya 19 tunamkuta ameketi langoni mwa mji huo.

Kutoka milimani juu ya Chimala mtu huona tambarare ya Usangu yote, na wakati wa mpunga ni kijani mpaka mwisho wa macho. Kutoka juu kila kitu ni kizuri. Ni lazima kushuka ili kujua shamba lipi lina maji na lipi limekauka.

Jina la chuo huweza kuwa kama bonde lile. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari mwaka 1963, na sifa yake ni ya haki. Moshi, chuo kilichoshikamana na hospitali ya KCMC kilianza mwaka 1997. Mwanza, chuo cha Bugando kilianza mwaka 2003. Mbeya kipo chuo cha afya kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wanafunzi wake hujifunza katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Kila kimoja kimetoa watumishi wema. Anayehitimu chuo chochote kinachotambuliwa husajiliwa na Baraza lilelile la Madaktari, na mgonjwa anayeletwa usiku kwa bajaji hamuulizi daktari alisoma wapi kabla ya kukubali kutibiwa.

Kwa hiyo, pamoja na jina, yafaa kushuka bondeni na kuuliza maswali mengine. Je, programu hiyo inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu? Hospitali ya kufundishia iko umbali gani na mahali mwanafunzi atakapolala? Ni wanafunzi wangapi wanaozunguka kitanda cha mgonjwa mmoja? Mitihani hupangwa siku zipi? Mwanafunzi akijifungua au akifiwa, utaratibu wa kuahirisha masomo ni upi? Je, lipo kanisa karibu, na kikundi cha TUCASA, chama cha wanafunzi Waadventista wa vyuo? Mtu anayeweza kujibu vizuri si yule aliyesoma kipeperushi cha chuo. Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye mtoto nyumbani.

Tafakari: Ni swali gani Lutu angemwuliza Abramu kabla ya kuchagua, kama angependa ushauri wake? Kwa nini ni vigumu kuuliza tunapokuwa tumekwisha kupenda kitu?

JUMANNE
Watoto Kabla ya Mazizi

Soma Hesabu 32:16–27, kisha Yoshua 22:1–6. Linganisha aya ya 16 na aya ya 24. Musa alibadili nini katika mpango wa Wagadi na Wareubeni?

Makabila haya yaliona nchi ya malisho ng'ambo ya Yordani, wakaitaka. Waliahidi kwenda vitani pamoja na ndugu zao na kuziacha familia zao nyuma. Angalia mpangilio wa maneno yao: kwanza walitaja mazizi ya mifugo, kisha miji ya watoto. Musa alipowakubalia aliurudia mpango wao wote, lakini aligeuza mpangilio. Kwanza miji ya watoto, kisha mazizi. Hakuwahutubia juu ya jambo hilo. Alipanga tu upya, na katika aya ya 26 nao wakaanza kwa kutaja watoto wao.

Fungu hili ni faraja kwa kila familia inayolazimika kutengana kwa ajili ya kazi au masomo. Mungu hakukataza kutengana kule. Lakini aliruhusu kwa masharti. Familia iliwekwa kwanza mahali salama penye ukuta. Kazi yenyewe ilikuwa kwa ajili ya ndugu wengine, si kwa faida ya binafsi tu. Ulikuwako mwisho uliojulikana, na mwisho huo ulipofika Yoshua aliwaita, akawashukuru na kuwarudisha nyumbani. Paulo anafundisha kanuni iyo hiyo kwa mume na mke katika 1 Wakorintho 7:5: wakitengana, wakubaliane wote wawili, iwe kwa muda, nao warudiane.

Wazee wa Nyanda za Juu Kusini wanayajua vizuri matengano yasiyo na masharti. Katika miaka ya ukoloni vijana wengi wa huku waliandikishwa kwenda kuchimba migodi ya Afrika Kusini, safari iliyojulikana kama Wenela. Wengine walirudi. Wengine walirudi wakiwa wageni katika nyumba zao.

Mama mkwe wa tabibu wetu aliitwa siku ya tatu, ili naye aone daftari. Alisikiliza safu ya miaka na safu ya fedha. Kisha akasema, "Baba yangu alikwenda Wenela nikiwa mdogo. Aliporudi alileta baiskeli na mablanketi, watu wote wakaja kutazama. Mimi nilijificha nyuma ya mama, kwa sababu sikumjua. Mwanangu, sikukatazi kusoma. Nakuuliza tu: huyu wa miaka 3, utakuwa unamwona mara ngapi?"

Hakuna aliyejibu upesi. Lakini sasa safu ya watu ilikuwa na mstari wake wa kwanza. Kwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 700, hesabu ilionyesha mara mbili au tatu kwa mwaka. Kwa Mbeya, katika miaka ya mwanzo, ingewezekana kurudi Ijumaa nyingi kabla ya jua kuzama.

Tafakari: Kama familia yako imetengana kwa sababu ya kazi au masomo, je, mmekubaliana mwisho wake ni lini? "Ukuta" wa watoto wenu ni nani: bibi, jirani, mzee wa kanisa?

JUMATANO
Mgeni Aliyemletea Musa Familia Yake

Soma Kutoka 18:1–7 na 13–24. Yethro alimletea Musa nini kabla ya kumletea ushauri?

Sura hii hukumbukwa kwa habari ya wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Mara nyingi mwanzo wake hurukwa. Musa alikuwa na kazi kubwa kuliko mtu yeyote wa wakati wake, na mkewe Sipora na wana wao wawili walikuwa kwa baba mkwe. Yethro alifunga safari jangwani kuwarudisha. Siku iliyofuata ndipo alipoona Musa akihukumu watu tangu asubuhi hata jioni, akamwambia kwamba kazi ile ingemchosha yeye na watu pia.

Mambo hayo mawili yameandikwa katika sura moja. Mtu ambaye kazi imemmeza huhitaji mgeni wa kumrudishia watu wake, na kumwonyesha mzigo upi si wake peke yake. Musa angeweza kujibu kwamba ameitwa na Mungu katika kijiti kinachowaka moto, na kwamba Yethro hakuwapo. Hakujibu hivyo. Alisikiliza, akatenda.

Soma Marko 7:9–13 na 1 Timotheo 5:8. Neno "Korbani" lilitumiwaje kukwepa wajibu? Je, linaweza kutumiwa hivyo leo?

Mali iliyotajwa kuwa wakfu kwa Mungu haikuweza tena kuwasaidia wazazi. Kwa nje ilionekana ni ibada. Kristo aliona kilichokuwa ndani. Mkristo leo hasemi "Korbani", lakini husema, "Mungu ameniita kuwa daktari," na kwa maneno hayo hufunga mjadala. Wito wa kweli hauogopi maswali ya mke, mume, au mama mzee. Upande wa pili nao una Korbani yake. Mume anayesema, "Mahali pa mwanamke ni nyumbani," ili tu asijifunze kupika uji wa watoto, naye amefunika uvivu kwa kitambaa cha dini. Lidia wa Thiatira alikuwa na biashara na nyumba pia, na Mungu alizitumia zote mbili (Matendo 16:14, 15).

Katika nyumba ya Chimala, swali liligeuka likamwelekea mume. Mkewe alimwuliza, bila hasira, "Baba watoto, mdogo akipata homa usiku, wewe utafanya nini?" Akajibu, "Nitampeleka kituoni." "Na asubuhi, siku ya kupandikiza mpunga, vibarua wanakusubiri?" Mume alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sijui. Lakini nataka kujifunza kabla hujaondoka, si baada ya kuondoka." Jibu hilo liliandikwa katika daftari. Kwa muda wa mwezi mmoja kabla ya chuo kufunguliwa, yeye angeamka na watoto, angepeleka mkubwa shule, na mke asingeingilia.

Darasa la Shule ya Sabato nalo lina sehemu yake hapa. Mithali 15:22 inasema mipango husimama kwa wingi wa washauri. Kanisa huona fahari kutangaza kwamba mmoja wa washiriki wake amepata chuo. Je, lipo tayari kumsaidia mume wake kupeleka mtoto kliniki?

Tafakari: Nani ni Yethro wako? Mara ya mwisho alipokuonya, ulimjibuje?

ALHAMISI
Ombi la Danieli

Soma Danieli 1:3–16. Orodhesha hatua alizochukua Danieli tangu alipoazimu moyoni mpaka ombi lake lilipokubaliwa.

Danieli hakuchagua chuo. Alipelekwa. Masomo yake yalikuwa ya miaka 3, lugha na elimu ya Wakaldayo, kwa gharama ya mfalme. Hakuyakataa masomo hayo, aliyasoma na kuyafaulu. Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo asingelifanya, naye alilijua kabla ya sahani ya kwanza kuletwa.

Angalia namna alivyolishughulikia. Aliomba, hakuamuru. Alipoona mkuu wa matowashi anaogopa, aliielewa hofu yake, akaenda kwa msimamizi aliye chini yake. Alileta pendekezo lenye muda na kipimo: siku 10, kisha watazamwe. Alikubali kupimwa kwa matokeo. Heshima yake haikupunguza msimamo wake hata kidogo.

Kwa mwanafunzi Mwadventista jambo hilo mara nyingi ni Sabato. Vipindi, majaribio na mitihani ya Jumamosi vimewatoa machozi wengi. Yafaa kutofautisha mambo mawili. Soma Mathayo 12:9–12. Kristo alifundisha kwamba ni halali kutenda mema siku ya Sabato, naye aliponya siku hiyo mara nyingi. Mwanafunzi aliye wodini, mama anapojifungua kwa shida au mtoto anapokosa pumzi, hatatazama kalenda. Mtihani wa maandishi, kipindi cha darasani au kazi ya maabara isiyo na mgonjwa ni jambo lingine. Mambo hayo yaweza kuwekwa siku nyingine bila mtu yeyote kuumia. Anayechanganya haya mawili ataishia ama kumwacha mgonjwa kwa jina la Sabato, ama kuiacha Sabato kwa jina la mgonjwa ambaye hayupo.

Njia ya Danieli inafundisha pia lini pa kuanzia. Barua kwa mkuu wa kitivo iandikwe mwanzo wa muhula, siyo Alhamisi jioni kabla ya mtihani wa Jumamosi. Iambatane na barua ya mchungaji. Itaje njia mbadala ambayo mwanafunzi yuko tayari kuifuata, hata ikiwa ni ngumu zaidi kwake: kufanya mtihani Jumapili, au kubeba zamu za sikukuu ili wengine wapumzike. Na mwanafunzi mwenyewe awe ni yule anayewahi wodini siku sita nyingine. Ni rahisi kumsikiliza mtu ambaye kazi yake inajulikana.

Wakati mwingine jibu litakuwa hapana. Danieli alipata kibali katika sura ya 1. Rafiki zake walikutana na tanuru katika sura ya 3. Wanaochagua chuo na wahesabu hilo pia, nalo liandikwe katika safu yake.

Tafakari: Ni jambo gani ambalo umekwisha kuazimu moyoni kabla halijakufikia? Ni jambo gani unangoja mpaka siku yenyewe ndipo uamue?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Historia ya kanisa letu inaonyesha kwamba swali la wapi vijana wasomee udaktari si geni. Kanisa lilipokuwa bado halina shule yake ya tiba, James na Ellen White walimsaidia kijana John Harvey Kellogg kwa fedha ili asome katika vyuo vya wengine. Alihitimu New York mwaka 1875. Mwaka 1895 ilifunguliwa American Medical Missionary College, iliyofundisha Battle Creek na Chicago, nayo ikafungwa mwaka 1910. Shule ya Loma Linda, California, ilipata hati yake mwaka 1909, na inaendelea hata leo. Karibu na kwetu zaidi, mwaka 2019 kanisa lilizindua shule ya tiba jijini Kigali, Rwanda, kwa ajili ya Afrika Mashariki na Kati.

Mambo mawili yanaonekana katika historia hiyo. Kwanza, kanisa liliona thamani ya kuwa na shule zake, likajinyima ili kuzijenga. Pili, halikuwaambia vijana wasubiri mpaka shule hizo ziwepo. Yule Kellogg aliyesomeshwa kwa moyo huo alifanya kazi kubwa ya afya kwa miaka mingi, na bado mwaka 1907 alitengwa na ushirika wa kanisa. Haikuwa kwa sababu alisomea chuo cha nje. Chuo hakimhakikishii mtu imani yake, wala hakimnyang'anyi. Imani hutunzwa kila siku, katika chumba cha bweni, na katika simu anayopigia nyumbani.

Turudi Chimala. Jioni ya siku ya mwisho, baada ya jua kuzama na ibada ya kufunga Sabato, watu wazima watatu walikaa tena na daftari. Mke alieleza kwa uwazi kile ambacho angekikosa kama hatakwenda Dar es Salaam: tangu alipomsaidia daktari wa upasuaji kwa mara ya kwanza alitamani kusoma mahali penye mabingwa wengi wa kazi hiyo. Mumewe hakumwambia kwamba ni jambo dogo. Waliomba. Kisha akachukua simu, akaingiza namba ya siri, na kuthibitisha Mbeya.

Alilia kidogo. Mama mkwe alimshika mkono, akasema, "Lia, mwanangu. Kitu kizuri kikiachwa hulilia mtu." Asubuhi mume aliamka kabla ya jogoo, akapika uji. Uliungua. Watoto wakaunywa.

Safari haijaisha. Katika miaka ya wodini zamu zitakula baadhi ya Ijumaa zile walizozihesabu. Mvua ikikosekana Usangu, safu ya fedha itaandikwa upya. Na familia nyingine, kwa hesabu nyingine, ingeweza kuchagua Dar es Salaam kwa dhamiri safi: pengine watoto wao ni wakubwa, au ndugu yupo huko wa kuwapokea wote. Somo la juma hili halikulenga kutaja chuo kilicho bora. Limelenga kutufundisha kuketi kwanza, pamoja na wote watakaolipa gharama, mbele za Mungu aliyewahesabu watoto kabla ya mazizi.

Maswali ya Kujadili:

1. Wapo wanaosema kwamba mtu akiomba kwa imani Mungu atafungua njia, hivyo kuhesabu gharama ni kukosa imani. Darasa lingejibuje kwa kutumia Luka 14:28–30?

2. Mke katika kisa hiki aliacha nafasi aliyoitamani. Je, mume naye aliacha nini? Kama angekuwa ni mume aliyepata vyuo viwili, je, familia na kanisa wangemwuliza maswali yaleyale? Kwa nini?

3. Katika kanisa lenu mahalia, ni nani wanaosoma mbali na familia zao sasa? Tajeni jambo moja ambalo darasa linaweza kufanya juma hili kwa ajili ya watoto au wazazi wao waliobaki nyumbani.

4. Jadilini tofauti kati ya huduma kwa mgonjwa siku ya Sabato na masomo ya kawaida siku hiyo. Ni mifano gani iliyo wazi, na ni ipi ambayo watu waaminifu wanaweza kuiona kwa namna mbili?

5. Yethro alimrudishia Musa familia kabla ya kumshauri kuhusu kazi. Viongozi wa kanisa wanawezaje kufanya vivyo hivyo kwa washiriki wenye kazi nyingi, na kwa wachungaji wao wenyewe?